Jua la uwanjani na watoto wa chekechea: swali la mwalimu mkuu

Swali: "Daktari, ninaongoza chekechea yenye watoto wa kuanzia mwaka mmoja na nusu hadi miaka mitano. Uwanja wetu uko wazi, una mti mmoja tu. Wazazi wamegawanyika. Wapo wanaotaka watoto wabaki ndani jua likiwa kali, wapo wanaotuletea losheni ya kukinga jua na kutuagiza tuwapake watoto wao, na wapo wanaosema mtoto mwenye ngozi nyeusi hahitaji kinga yoyote. Muhula ujao tunapokea mtoto mwenye ualbino. Nianzie wapi?"

Mwalimu, nimefurahi kwamba umeuliza kabla mtoto huyo hajafika. Shule nyingi huanza kufikiria jua siku mzazi anapokuja na mtoto aliyebabuka mabega.

Nianze na wale wanaotaka watoto wafungiwe ndani, kwa sababu hofu yao naielewa lakini dawa yao siikubali. Mtoto mdogo anahitaji uwanja. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa miaka 3 hadi 4 apate angalau dakika 180 za kuushughulisha mwili kila siku, na 60 kati ya hizo ziwe za kukimbia na kuruka hasa. Macho pia yananufaika na mwanga wa nje. Huko Guangzhou, China, wanafunzi wa darasa la kwanza katika baadhi ya shule waliongezewa dakika 40 za nje kila siku ya masomo. Baada ya miaka 3, waliopata tatizo la kutoona mbali walikuwa kama 30 katika kila 100, wakati katika shule ambazo hazikuongeza muda huo walikaribia 40. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2015. Tena kuna vitamini D, ambayo ngozi huitengeneza kwa msaada wa jua, na bila hiyo mifupa ya mtoto hulainika na kupata matege. Kwa hiyo watatoka nje. Kazi yako ni kupanga watoke saa ngapi na wacheze chini ya nini.

Nasema kazi yako, si ya mtoto. Mtoto wa miaka mitatu akinogewa na mchezo hakumbuki kofia, haoni kwamba kivuli kimehama, na hasemi kwamba ana kiu mpaka kiu imzidi. Kinga inayomtegemea yeye akumbuke itashindwa. Kinga inayotegemea mwalimu mmoja kupaka losheni watoto ishirini kabla ya mapumziko nayo huyumba siku mwalimu huyo akiugua. Ratiba na kivuli havisahau. Ndiyo maana mimi hupanga hivi: kwanza ratiba, pili kivuli, kisha nguo na kofia, na losheni mwishoni. Shule nyingi hugeuza mpangilio huu, huanza na losheni na kuishia hapo hapo.

Kuna jambo moja la kimaumbile ambalo walimu wote wa shule wanapaswa kulijua. Joto tunalolihisi na miale inayounguza ngozi ni vitu viwili tofauti. Ngozi huunguzwa na miale ya urujuanimno, ile inayoandikwa UV, nayo haionekani kwa macho wala haihisiwi. Siku yenye upepo mwanana na mawingu mepesi inaweza kuwa na miale hiyo kwa wingi, kwani zaidi ya asilimia 80 yake hupenya wingu jepesi. Milimani, ambako watu hudhani ubaridi ni usalama, miale huongezeka kwa takribani asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda.

Na wekundu wa kuungua hauji papo hapo. Huanza kuonekana saa 3 hadi 5 baada ya jua, na kilele chake ni kati ya saa 12 na 24. Maana yake ni kwamba mwalimu anayemwangalia mtoto uwanjani na kuona ngozi haijabadilika hana taarifa yoyote. Mtoto anaondoka shuleni akiwa salama machoni pa kila mtu, na mama ndiye anayeliona jeraha usiku anapomwogesha. Usisubiri ngozi ikuonye.

Cha kukuonya ni kipimo cha UV cha siku, kinachopatikana kwenye taarifa na programu nyingi za hali ya hewa. Kipimo hicho huanza na 0. Kikifika 3, anza kinga. Kikifika 8, jua ni kali sana. 11 na kuendelea ni hatari kubwa. Kama huna intaneti, mtazame mtoto aliyesimama wima: kivuli chake kikiwa kifupi kuliko yeye mwenyewe, jua liko juu kiasi cha kudhuru. Hata watoto wa miaka minne na mitano huupenda mchezo huu wa kupima vivuli, na ni somo zuri la sayansi.

Sasa ratiba. Takribani asilimia 60 ya miale ya UV ya siku nzima hufika ardhini kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Bahati mbaya hizo ndizo saa ambazo chekechea nyingi huweka mapumziko marefu. Hamisha michezo ya uwanjani iwe mara tu watoto wanapofika, na ya pili iwe alasiri kama wanabaki hadi muda huo. Saa za katikati ziwe za hadithi, chakula, usingizi na kazi za mikono. Watakaolazimika kutoka saa hizo watoke kwa muda mfupi na wakae kivulini. Badiliko hili halihitaji fedha, na kwa maoni yangu ndilo litakalokupa faida kubwa kuliko yote nitakayoyataja.

Kivuli nitakizungumza kwa kirefu, maana hapo ndipo ningekushauri uelekeze fedha yoyote uliyo nayo. Anza kwa kuchora. Siku moja ya jua, chukua chaki au vijiti, uweke alama mahali kivuli cha ule mti na cha majengo kinapofika saa 3, saa 5, saa 7 na saa 9. Rudia msimu mwingine, kwa sababu njia ya jua angani huhama. Utagundua kwamba kivuli ulichodhani kipo kwenye bembea kipo kwenye ukuta wa jirani wakati watoto wanabembea, na kwamba nyuma ya jengo kuna eneo zuri ambalo hakuna anayelitumia.

Ukishapata ramani hiyo, hamisha kwanza sehemu ya kuchezea mchanga na meza ya maji. Watu hudhani watoto wanaokimbia ndio walio hatarini zaidi. Mtoto anayekimbia huingia na kutoka kivulini, na mwili wake hugeuka kila upande. Anayechota mchanga huketi mahali pamoja nusu saa nzima, ameinama, shingo na mgongo vikitazama juu moja kwa moja.

Kuhusu ubora wa kivuli, simama chini yake utazame juu. Ukiona sehemu kubwa ya anga, bado miale inakufikia, kwa sababu miale ya UV haitoki kwenye jua peke yake. Hutawanyika angani na kushuka kutoka pande zote. Ndiyo maana mwavuli mmoja katikati ya uwanja mweupe hautoshi. Ukuta uliopakwa chokaa, sakafu ya saruji na mchanga mkavu nao hurudisha sehemu ya miale. Mchanga mkavu wa ufukweni hurudisha karibu asilimia 15, majani na udongo wa kawaida chini ya asilimia 10. Kivuli kizuri kina paa zito na kimefunikwa hata ubavuni, kwa vichaka, kwa ukuta au kwa mimea inayotambaa. Kama unafunga turubai au neti ya kivuli, chagua iliyofumwa kwa kubana, na uhakikishe inazidi eneo la kuchezea kwa angalau mita 1 kila upande, maana jua la mshazari huingia chini yake.

Mti una faida ambayo turubai halina. Utafiti uliofanyika katika shule za awali za Stockholm, Sweden, ulionyesha kwamba watoto waliochezea katika viwanja vikubwa vyenye miti, vichaka na ardhi isiyo tambarare walipata miale kidogo zaidi, na wakati huohuo walitembea na kukimbia zaidi kuliko wenzao wa viwanja vitupu. Vichaka viliwavutia waingie ndani yake, na humo ndimo mlimokuwa na kivuli. Panda miti sasa, isiyo na miiba, utomvu unaowasha wala matunda yenye sumu. Miaka itakayopita kabla haijakua itabebwa na turubai.

Nguo ni rahisi. Shati lenye mikono inayofika kwenye kiwiko au zaidi, lenye kola, na kaptura au sketi inayofika magotini. Inua kitambaa uelekeze kwenye mwanga: kama unaona upande wa pili, na miale nayo inaona njia. Pamba nyepesi ikilowa hupoteza sehemu ya kinga yake, kwa hiyo baada ya mchezo wa maji wabadilishe nguo. Nguo iwe pana, hewa ipite; nguo ya kubana inayovutika hufungua nafasi kati ya nyuzi, na humpa mtoto joto.

Kofia iwe ya pama, yenye ukingo wa angalau sentimita 5 kwa umri huu, au ile yenye kitambaa kinachoshuka hadi shingoni. Kapelo haifai, kwani huacha masikio na shingo wazi. Kamba ya kofia iwe ya aina inayoachia yenyewe ikivutwa, au iondolewe kabisa, kwa sababu kamba ngumu inaweza kumnyonga mtoto akinasa kwenye vifaa vya mchezo. Huko Australia, ambako kampeni ya kujikinga na jua ilianza mwaka 1981, shule nyingi zimeweka kanuni kwamba asiye na kofia hachezi kwenye jua. Kwa watoto wadogo naipendelea kwa sura ya upole: asiye na kofia huchezea kivulini au hupewa kofia ya akiba. Tunza kofia shuleni, kila moja na jina lake, zisichangiwe, ili msiambukizane chawa na mashilingi. Na walimu wavae zao. Mtoto wa miaka miwili huiga kichwa anachokiona.

Nifike kwenye losheni, kwa kuwa ndiyo iliyoleta mabishano. Losheni ni nzuri kwa ngozi ambayo nguo na kivuli havikuifikia, si ruhusa ya kukaa juani muda mrefu zaidi. Chagua yenye SPF, yaani namba ya kiwango cha kinga, ya 30 au zaidi, inayozuia miale ya UV ya aina zote mbili, UVA na UVB. SPF 30 huzuia karibu asilimia 97 ya UVB na 50 karibu 98, hivyo usimlaumu mzazi aliyeleta ya 30. Tatizo kubwa liko kwenye kiasi. Namba hizo hupimwa maabara kwa miligramu 2 kwa kila sentimita mraba ya ngozi, na karibu kila mtu hupaka pungufu. Mtoto wa miaka mitatu anahitaji karibu kijiko kizima cha chai kwa uso, masikio, shingo, mikono na sehemu ya miguu iliyo wazi. Ipakwe dakika 20 kabla ya kutoka, irudiwe kila baada ya saa 2, na tena akilowa au akifutwa kwa taulo. Zenye zinki oksidi au titani dioksidi huwa na upole zaidi kwa ngozi nyepesi kuwashwa.

Utaratibu wako uwe huu: mzazi apake nyumbani asubuhi, nanyi mrudie tu inapohitajika; awape ridhaa ya maandishi; chupa iwe na jina la mtoto; ijaribiwe kwanza sehemu ndogo ya mkono na kusubiri siku moja; isikae juani wala kupita tarehe yake. Msitumie ya kupuliza, watoto huivuta puani. Kwa watoto wachanga wa chini ya miezi 6, ambao wewe huna lakini huja mgongoni mwa mama zao, kivuli na nguo ndivyo kinga, losheni si ya kawaida kwao.

Wazazi wanaosema ngozi nyeusi haihitaji chochote wana nusu ya ukweli, na ni vizuri kuwakubalia nusu hiyo. Melanini, ile rangi nyeusi iliyomo kwenye ngozi, inalinda kweli. Vipimo vimeonyesha kwamba tabaka la juu la ngozi nyeusi hupitisha karibu asilimia 7 ya miale ya UVB, na la ngozi nyeupe karibu asilimia 24. Saratani ya ngozi inayoletwa na jua ni adimu kwa watu weusi, na ile ya melanoma inapowapata mara nyingi huanzia nyayoni, viganjani au chini ya kucha, mahali ambapo jua si chanzo. Kwa hiyo mimi siwezi kumlazimisha mzazi wa mtoto mweusi mwenye afya anunue losheni. Fedha hiyo ningemwomba aichangie turubai.

Nusu waliyoisahau ni hii. Ngozi nyeusi nayo huungua jua likizidi, ila wekundu hauonekani upesi. Unaitambua kwa joto, maumivu na baadaye kubanduka. Macho hayana kinga hiyo ya ngozi, na lenzi ya jicho la mtoto hupitisha miale mingi zaidi kuliko ya mtu mzima. Miale ya miaka mingi huchangia mtoto wa jicho uzeeni. Na joto halibagui rangi hata kidogo. Kivuli, kofia na maji ni vya wote.

Mtoto mwenye ualbino ndiye anayehitaji umakini wako wote. Ngozi yake haina melanini ya kumtetea, huungua kwa dakika chache, na madhara hujilimbikiza tangu utotoni. Kwake losheni si hiari: SPF 30 au zaidi, bora 50, kila siku, bila kusahau masikio, shingo ya nyuma, midomo, migongo ya mikono na juu ya miguu. Mikono mirefu, suruali ndefu, pama. Macho yake pia: mwanga mkali humuumiza, huenda yakachezacheza, na pengine haoni vizuri kwa mbali hata akivaa miwani. Miwani ya jua iwe imeandikwa UV400. Ile ya kuchezea yenye kioo cheusi tu ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, maana mboni hupanuka gizani na miale huingia zaidi. Darasani mkalishe mbele, mwanga wa dirisha ukiwa nyuma yake, na mbali na pale jua linapopiga, kwani kioo cha kawaida huzuia UVB lakini huachia sehemu kubwa ya UVA. Ukiona kidonda kisichopona au gamba gumu linalorudi, mwambie mzazi ampeleke kliniki ya ngozi wiki hiyo hiyo.

Nakuomba kwa dhati, usimweke ndani peke yake akiwachungulia wenzake dirishani. Nimekutana na watoto waliokua hivyo, na upweke ule hukaa nao. Watoto wote wakivaa pama, wakitoka mapema asubuhi na kuchezea kivulini, yeye atakuwa mmoja wao. Waeleze wenzake kwa maneno mafupi kwamba ngozi yake haina rangi ya kuikinga na jua, kwamba ualbino hauambukizi, basi. Watoto wa umri huo hupokea jibu la wazi na kurudi kwenye mchezo.

Kabla ya kila mapumziko, mwalimu aguse vifaa kwa kiganja: kifaa cha kuteleza, viti vya bembea, mikeka ya mpira, nyasi bandia. Plastiki na mpira navyo huunguza, si chuma peke yake, na mtoto wa miaka miwili hana kasi ya kujinasua. Viatu visivuliwe juani. Kigari cha kubebea mtoto kisifunikwe blanketi, kwa kuwa hewa ndani hupata joto haraka. Wapeni maji kila baada ya dakika 20 hivi bila kusubiri waombe.

Mtoto aliyezidiwa na joto huwa mlegevu, hukasirika bila sababu, huumwa kichwa au kutapika. Mpelekeni kivulini, mpunguzieni nguo, mpeni maji kidogo kidogo. Akichanganyikiwa, akipata degedege au akipoteza fahamu, hiyo ni kiharusi cha joto: mlowesheni maji mwili mzima, mpepeeni, na mpelekeni hospitali papo hapo huku mkiendelea kumpoza. Msimnyweshe chochote akiwa hana fahamu.

Aliyebabuka na jua apozwe kwa maji baridi ya kawaida, si barafu; anywe maji mengi; malengelenge yasipasuliwe; paracetamol itolewe kwa kipimo cha uzito wake, aspirini asipewe kabisa. Wa chini ya mwaka mmoja aonwe na daktari hata kama kuungua ni kudogo, na wa umri wowote mwenye malengelenge mengi, homa au uso uliovimba.

Katika barua utakayowaandikia wazazi, waombe kofia na shati lenye mikono, waambie saa mpya za kucheza nje, na waulize kama mtoto anatumia dawa yoyote au ana ugonjwa unaofanya ngozi isivumilie jua. Mwombe pia kila mzazi akupe taarifa akiona ngozi imeungua jioni, na uandike kwenye daftari siku, saa waliyokuwa nje na mahali walipochezea. Baada ya miezi michache daftari hilo litakuonyesha ni kona ipi ya uwanja inayohitaji turubai la kwanza.